Divai yenye mapovu

Divai yenye mapovu ni divai inayobeba gesi ya dioksidi ya kaboni, ambayo hutoka kama mapovu chupa inapofunguliwa. Katika Afrika ya Mashariki watu wengi huiita shampeni. Kwa asili jina hilo ni la divai ya eneo la Champagne, kaskazini-mashariki mwa Ufaransa, na katika Umoja wa Ulaya linalindwa kisheria: divai ya namna hiyohiyo iliyotengenezwa mahali pengine hairuhusiwi kulitumia.

Utengenezaji

Divai zote hupatikana kwa uchachushaji: hamira hula sukari ya zabibu na kutoa alkoholi pamoja na dioksidi ya kaboni. Kwa divai ya kawaida gesi hiyo huachwa ipotee hewani. Kwa divai yenye mapovu uchachushaji kwa kawaida hufanyika mara mbili, na mara ya pili chombo hufungwa.

Katika mbinu ya Champagne chombo hicho ni chupa yenyewe. Divai iliyokwisha kuchachuka hutiwa hamira mpya na sukari, takriban gramu 24 kwa lita, kisha chupa hufungwa. Kanieneo ndani yake hufikia bar 5 hadi 6, zaidi ya mara mbili ya lile la tairi la gari dogo. Ndiyo sababu chupa ni nene na kizibo hushikwa kwa waya. Hamira ikishakufa hubaki chupani kama mashapo na kuipa divai ladha inayokumbusha mkate. Champagne haiuzwi kabla ya miezi 15 kupita, na ile ya mavuno ya mwaka mmoja pekee hungoja miaka 3. Mwishoni chupa huinamishwa na kuzungushwa kidogokidogo hadi mashapo yakusanyike shingoni. Shingo hugandishwa, kizibo hutolewa, na kipande cha barafu chenye mashapo hurushwa nje na gesi.

Mara nyingi husimuliwa kwamba mbinu hii ilibuniwa na mmonaki Dom Pérignon. Lakini alipofika kwenye abasia ya Hautvillers mwaka 1668, tayari Mwingereza Christopher Merret alikuwa ameieleza Royal Society ya London, mwaka 1662, jinsi wauza divai walivyotia sukari ili divai itoe povu.

Prosecco ya Italia huchachushwa mara ya pili katika matangi makubwa. Njia rahisi kuliko zote ni kuingiza gesi kwa mashine, kama inavyofanywa kwa soda.

Umuhimu wa baridi

Champagne iko karibu na latitudo 49 kaskazini, na wastani wa halijoto ya mwaka ni nyuzi 11 hivi. Huko zabibu huiva polepole, hivyo hubaki na asidi nyingi na sukari kidogo. Sifa hizo zinatakiwa, kwa kuwa uchachushaji wa pili huongeza zaidi ya asilimia 1 ya alkoholi. Divai iliyoanza na kilevi kingi ingekuwa kali mno. Penye joto sukari hupanda haraka huku asidi ya maliki ikiteketea ndani ya tunda, na divai ya namna hiyo ikitiwa povu huonja kama imepooza.

Mabadiliko ya tabianchi yanasogeza mipaka. Kusini mwa Uingereza, ambako zamani zabibu ziliiva kwa shida, mashamba ya Sussex na Kent sasa yanajulikana kwa divai hii. Katika Champagne mavuno yameanza mwezi Agosti katika miaka kadhaa tangu 2003, jambo ambalo awali lilikuwa nadra sana.

Afrika ya Mashariki

Karibu na ikweta baridi hutafutwa kwa kupanda juu, kwani halijoto hushuka takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Nchini Kenya mizabibu hulimwa Naivasha, kwenye mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari.

Kitovu cha divai Tanzania ni Dodoma, ambako zabibu zililetwa na wamisionari. Mji uko kwenye mita 1,100 hivi, mvua ni chache, na majira ya baridi ya kuulaza mzabibu hayapo. Wakulima huupogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Aina ya Makutupora hutoa divai nyekundu. Chenin Blanc, zabibu nyeupe inayotunza asidi vizuri hata kwenye joto, ndiyo inayofaa zaidi kwa mapovu, hasa ikichumwa mapema. Tatizo kubwa la mkulima ni soko: zabibu haziwekeki, wanunuzi ni wachache, na kuna misimu ambapo mavuno huozea shambani. Divai ya chupani inayodai kungoja miezi 15 ni mzigo kwa kiwanda chenye mtaji mdogo.

Mkoani Simiyu, ambako Bariadi ni makao makuu, wakulima hutegemea pamba, mahindi na mtama, na mkoa haumo katika ukanda wa zabibu. Hata hivyo kufungua shampeni ni sehemu ya sherehe za harusi huko kama kwingineko Tanzania. Kinachofunguliwa mara nyingi si divai ya Champagne, na pengine si divai kabisa, bali maji ya matunda yaliyotiwa gesi katika chupa yenye umbo lilelile.