Vijana watatu wa Imperial na gemu zao

Najua nimepotea. Majaribio yalibana, bumu likachelewa, hata hela ya kuingia intaneti ikawa shughuli. Leo nimepata upenyo, na sitaki kulalamikia foleni ya kantini kama kawaida yangu. Nataka niwaletee historia. Siyo ile ya Vasco da Gama, hiyo tulishaimaliza sekondari. Hii ni ya kampuni ndogo ya kutengeneza gemu za kompyuta huko Uingereza, inaitwa Introversion Software. Walioianzisha mwaka 2001 walikuwa wanafunzi kama mimi na wewe, na kampuni yao ilichungulia kaburi zaidi ya mara moja. Kinachonivutia ni kwamba akili na kipaji walikuwa navyo muda wote huo. Shida yao kubwa ilikuwa njia ya kutoka kwa mtengenezaji mpaka kwa mnunuzi.

Turudi nyuma kidogo ili tuelewane. Mwaka 1982 Clive Sinclair alitoa kompyuta ndogo iliyoitwa ZX Spectrum, bei ikianzia pauni 125. Uliichomeka kwenye televisheni ya nyumbani na ilisoma programu kutoka kwenye kaseti, kaseti zilezile za muziki. Basi vijana wa Uingereza wakajifungia vyumbani kwao wakaanza kuandika gemu. Matthew Smith alikuwa na miaka 17 tu alipotoa Manic Miner mwaka 1983. Mwaka uliofuata wanafunzi wawili wa Cambridge, David Braben na Ian Bell, wakatoa Elite kwa kompyuta ya BBC Micro yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32. Humo ndani waliweka galaksi 8, kila moja ina sayari 256. Piga hesabu, ni sayari 2,048! Hawakuzichora moja moja, isingewezekana. Waliandika kanuni ya hesabu, kompyuta ikawa inazizalisha yenyewe. Naomba muikumbuke hiyo kanuni, itarudi mbele.

Miaka ya 1990 mambo yakabadilika. Zikaja mashine kama PlayStation, gemu zikataka wachoraji, wanamuziki, waigizaji wa sauti, timu ya watu kumi, ishirini, hamsini. Hela ya kuwalipa wote hao ikatoka kwa wasambazaji wakubwa. Msambazaji anakupa kianzio, unatengeneza gemu, yeye anaipeleka madukani. Ikiuzika anajirudishia kwanza hela yake, ndipo wewe uanze kuonja mrabaha. Mara nyingi na gemu yenyewe inakuwa mali yake. Kijana wa chumbani hakuwa na nafasi tena hapo.

Sasa ndio wanaingia jamaa zetu. Chris Delay, Mark Morris na Thomas Arundel walikuwa wanasoma Imperial College, London. Delay ndiye aliyekuwa mwandishi wa programu, wenzake wakabeba upande wa biashara. Wakaja kujiita, kwa majigambo kidogo, wa mwisho katika kizazi cha waandika programu wa chumbani. Gemu yao ya kwanza, Uplink, ilitoka 2001.

Uplink unacheza kama mdukuzi wa kukodiwa. Unaajiriwa na kampuni, unapewa kazi: kaibe faili hili, kafute lile, kabadilishe rekodi za mtu fulani. Unapitisha mawasiliano yako kwenye seva nyingi ulimwenguni ili usijulikane ulipo, huku kifaa kinalia pip, pip, pip, kikikuonyesha kwamba wenye seva wanakukaribia. Ukimaliza lazima ufute kumbukumbu za kuingia kwako. Ukisahau, siku mbili tatu baadaye umekwisha. Hakuna picha za maana humo. Kuna ramani ya dunia, maandishi, na vitufe vya kubonyeza, basi. Lakini mikono inatoka jasho kweli.

Angalieni ujanja ulipo. Delay hakuwa mchoraji na hawakuwa na hela ya kuajiri mmoja, kwa hiyo akachagua jambo ambalo hata katika maisha halisi linafanyika mbele ya skrini yenye maandishi. Anayecheza anakaa mbele ya kompyuta akijifanya mtu aliyekaa mbele ya kompyuta. Umaskini wa picha hauonekani kabisa. Kuna jamaa zangu wa kompyuta hapa hosteli wanaolia kila siku kwamba mradi wao hauwezi kwenda kwa sababu hawana mtu wa grafiksi. Jamani, tafuteni Uplink muicheze kwanza.

Waliiuza wenyewe kwa intaneti, CD zikaenda kwa posta. Mnunuzi analipa, hela inaingia kwao, hakuna mtu katikati. Iliuzika vizuri kwa kitu kilichotengenezwa na wanafunzi. Halafu mwaka 2003 wakaipata kampuni ya Strategy First ya Montreal, Canada, iwasambazie Marekani ya Kaskazini. Mwaka 2004 kampuni hiyo ikaomba kulindwa na mahakama dhidi ya wadai wake, na Introversion wakalalamika kwamba mrabaha wao haukulipwa wote. Yaani gemu ipo dukani, watu wananunua, wewe uliyeitengeneza unasubiri. Njia imekuwa ndefu, na hela inapotelea njiani.

Wakati huo Delay alikuwa kwenye kazi ya pili, Darwinia, iliyochukua takriban miaka mitatu. Ilitoka Machi 2005. Ni dunia iliyo ndani ya kompyuta za zamani, inakaliwa na viumbe wadogo wa kijani, bapa kama vikaragosi vya karatasi, na virusi vimewavamia. Wewe unatumwa kuwaokoa. Milima na mabonde ya humo ni mistari na miraba inayong'aa, mengi yamezalishwa na hesabu. Mnaona? Kanuni ya wale wa Elite imerudi, miaka 21 baadaye, kwa sababu ileile. Mwandishi mmoja wa programu hawezi kuchora dunia nzima kwa mkono, lakini anaweza kuandika programu ya kuichora.

Wakaguzi wa magazeti waliisifu. Wanunuzi madukani wakawa wachache, na kampuni ikabaki mifupa. Hapo ndipo walipowaandikia Valve wa Marekani. Valve walikuwa na programu inayoitwa Steam, waliyoianzisha 2003, ya kuuza na kupakua gemu moja kwa moja kwenye kompyuta ya mteja. Mpaka mwishoni mwa 2005 ilikuwa inauza hasa gemu zao wenyewe. Ya kwanza kutoka nje ilikuwa Rag Doll Kung Fu ya Mwingereza Mark Healey, Oktoba 2005. Darwinia ikafuata Desemba. Gemu ileile, hakuna kilichobadilishwa cha maana, isipokuwa sasa mtu wa Brazili au wa Japani alikuwa anaipata usiku huohuo bila duka wala posta. Mauzo hayo ndiyo yaliyowapa pumzi.

Machi 2006 Darwinia ikatwaa tuzo kuu ya tamasha la gemu huru, ile inayoitwa Seumas McNally, kule California. Wakapanda jukwaani na kusema, kwa lugha ambayo siwezi kuiandika hapa mama yangu akipita, kwamba hawakuchukua hela za wasambazaji kwa kuwa hawakutaka gemu yao iharibiwe. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Walioijua hesabu yao ya benki ya mwaka uliopita nadhani walicheka kwa namna nyingine, he he.

Septemba 2006 wakatoa DEFCON, vita ya nyuklia. Wazo linatokana na filamu ya WarGames ya 1983. Dunia imegawanywa maeneo sita, na Afrika ni mojawapo, ina maghala ya makombora sawa na Marekani na Urusi! Kila eneo lina watu milioni 100. Kwa hesabu ya kawaida ya gemu unapata pointi 2 kwa kila milioni unayoua na kupoteza 1 kwa kila milioni unayopoteza. Hakuna kuchora maiti wala moto. Ni ramani ya buluu iliyokolea, mistari myeupe, na maandishi madogo yanayokuambia mji fulani umepoteza mamilioni kadhaa. Nyuma kuna muziki wa polepole na, ukitega sikio, mtu anakohoa. Unashinda halafu unajisikia vibaya. Hapo tena ukosefu wa wachoraji ulifanya kazi ambayo picha za gharama zisingeweza.

Mngedhani baada ya hapo mambo yamenyooka. Wapi! Multiwinia ya 2008 haikuuzika walivyotegemea. Wakaamua kuipeleka Darwinia kwenye Xbox 360, na hiyo safari ikawa ndefu kupita kiasi, masharti na ukaguzi wa Microsoft juu ya ukaguzi. Darwinia+ ilitoka Februari 2010 na haikurudisha gharama. Wakalazimika kupunguza wafanyakazi. Mara ya pili hiyo kuchungulia kaburi.

Pembeni kulikuwa na mradi wa Subversion, ambao Delay alikuwa ameufanyia kazi kwa miaka. Ulihusu kuvamia majengo yenye ulinzi mkali, na programu yake iliweza kuzalisha mji mzima, barabara mpaka maghorofa. Alikuwa akiandika shajara ya maendeleo yake na watu wakaisoma kwa hamu. Tatizo: mji ulikuwepo, mchezo haukuwepo. Mwisho akakubali hadharani kwamba ndani ya teknolojia yote ile hakuna gemu, akauweka kando. Mimi naona huo uamuzi ulikuwa mgumu kuliko gemu yoyote waliyoitoa. Kutupa kazi ya miaka, kampuni haina kitu!

Novemba 2011 wakafanya fungu la gemu zao zote kwa mpango wa Humble Bundle, ambapo mnunuzi anapanga bei mwenyewe na sehemu inakwenda kwa misaada. Hela ile ikawanunulia muda. Na wazo jipya lilikuwa limeshakuja. Delay alitembelea Alcatraz, lile gereza la kisiwani San Francisco, na kwenye Subversion kulikuwa na kazi ya kumtorosha mfungwa. Akajiuliza: itakuwaje mchezaji akiwa ndiye anayelijenga gereza?

Prison Architect ilianza kuuzwa Septemba 2012 ikiwa haijaisha. Wala hawakuifanya bei ya chee, ilianzia dola 30. Walichoahidi ni kwamba kila baada ya mwezi hivi kutakuwa na toleo jipya, na Delay na Morris wanakaa mbele ya kamera kueleza kilichoongezwa. Wakaendelea hivyo miaka mitatu, matoleo zaidi ya 30. Safari hii waliajiri mchoraji, Ryan Sumo, wa Ufilipino, ambaye wafungwa wake wana miili ya mviringo kama pipi. Halafu unagundua somo la kwanza ni kujenga chumba cha kiti cha umeme kwa ajili ya mfungwa mmoja anayeitwa Edward. Pipi zinakukaba kooni.

Toleo kamili lilitoka Oktoba 2015, na kabla ya hapo nakala zaidi ya milioni 1 zilikuwa zimeshauzwa. Mwaka 2016 ikapata tuzo ya BAFTA. Kisha wakapokea ujumbe wa ajabu kutoka Msalaba Mwekundu wa Uingereza: ule msalaba mdogo kwenye gari la wagonjwa ndani ya gemu ni alama inayolindwa na Mikataba ya Geneva. Wakaubadilisha ukawa wa kijani. Januari 2019 ikatangazwa kwamba Paradox ya Sweden imeinunua Prison Architect.

Sasa kuna mdau atasema, aah, kumbe siri ni kuuza mwenyewe kwa intaneti. Polepole. Mwaka 2017 jamaa haohao walitoa Scanner Sombre, ya kutembea pangoni gizani ukitumia kifaa kinachochora nukta za rangi kila kinapogusa ukuta. Ni nzuri mno, ilikuwa Steam kwa wote, na ikaanguka chali. Wao wenyewe wakatoa video kusema imeanguka. Kwa hiyo njia fupi haikuhakikishii wanunuzi. Tena siku hizi Steam inapokea maelfu ya gemu kila mwaka na inachukua fungu lake, nayo ni mtu wa katikati.

Nionavyo mimi, kilichowafaa ni kwamba njia ikiwa fupi habari mbaya inafika mapema. Scanner Sombre ilianguka wakajua mara moja, kampuni ikaendelea kuishi. Darwinia ilipokwama madukani 2005 ilibaki kidogo wafe nayo. Na Subversion, ambayo haikuwa na mnunuzi hata mmoja wa kuwaambia ukweli, ilikula miaka. Prison Architect ilikuwa na watu waliolipa tangu nyumba haijaezekwa, nao wakasema kila mwezi paa linavuja wapi.

Mwaka 2023 wakaanza kuuza The Last Starship, ya kujenga meli za angani, nayo ikiwa haijakamilika, kama ilivyokuwa kwa gereza. Delay na Morris walikuwa bado wako pamoja, zaidi ya miaka 20 tangu Imperial.

Haya wadau, mkono umechoka na kesho kuna semina saa mbili asubuhi. Alamsiki.