AHADI ZA URQUB: ASILI YA MSEMO, NA "KALENDA" TUNAZOPIGIANA



Ndugu zangu katika imani, leo tuzungumzie maneno. Mtu akizungushwa kulipwa haki yake, siku hizi husema: "Napigwa danadana." Neno hilo limetoka uwanjani: mchezaji anaurusha mpira juu kwa mguu, unashuka, anaurusha tena, haufiki kokote. Mwingine husema: "Napigwa kalenda." Hilo linanuka mahakama: unakwenda kusikilizwa, unapewa tarehe nyingine, na nyingine tena.

Waarabu walikuwa na msemo wao wa jambo hilohilo kabla ya Uislamu: "Mawaa'iidu Urqub", yaani ahadi za Urqub. Na hilo neno la kwanza lina ndugu yake katika Kiswahili chetu. Tunaposema "miadi" au "waadi", tunachota kisima kilekile.

URQUB NI NANI?

Al-Maydani, mwanachuoni wa lugha wa Nishapur aliyefariki mwaka 518 Hijria (1124 Miladia), alikusanya maelfu ya methali za Waarabu katika kitabu chake Majma'u l-Amthaal, na habari ya Urqub imo humo. Wako waliosema alikuwa katika Amaliqa, na wako waliomnasibisha na Yathrib, mji ambao baadaye ukawa Madina. Zingatia: hii ni habari ya watu wa lugha, si hadithi ya Mtume ﷺ. Tunaichukua kwa mazingatio.

Wanasimulia kwamba ndugu yake alimjia akimwomba msaada. Urqub akamwambia asubiri mtende utoe karara, mazao yatakuwa yake. Ulipotoa karara, ndugu akaja. Akaambiwa angoje mpaka ziwe tende changa. Zikawa. Akaambiwa angoje zigeuke rangi. Zikageuka. Akaambiwa angoje zilainike. Zikalainika. Akaambiwa angoje zikauke ziwe tende kamili. Zilipokauka, Urqub akaenda usiku, akazikata zote, na ndugu yake hakupata hata kokwa.

Tazama ubaya wake ulivyo. Urqub hakusema "sina", wala hakusema "sikupi". Angesema hivyo siku ya kwanza, ndugu yake angekwenda kutafuta pengine. Alichomwibia si tende tu, alimwibia na miezi ya maisha yake. Kalenda yake ilikuwa mtende.

Msemo huu ulienea sana. Wapokezi wa Sira, akiwemo Ibn Is-haq, wamesimulia kwamba Ka'b bin Zuhayr, baada ya Fat-h Makka, alikuja Madina kuomba amani na akasoma shairi lake mbele ya Mtume ﷺ. Ndani yake alimtaja mwanamke asiyetimiza ahadi, akamfananisha na Urqub. Hakuhitaji kueleza Urqub ni nani. Jina lilikwisha kuwa methali.

Sasa linganisha na jina jingine. Katika Surat Maryam, aya ya 54, Allah anamsifu Nabii Ismail (a.s.) kwa kuwa mkweli wa ahadi. Watu wawili, wote wamebaki katika ndimi za watu kwa sababu ya ahadi. Mmoja anasomwa ndani ya Qur'an, mwingine anatajwa kwa aibu.

"AHADI NI DENI"

Methali yetu hii ina mwenzake wa Kiarabu, "al-'idatu dayn", iliyopokewa na Tabarani kama hadithi. Wanachuoni wameidhoofisha isnadi yake, basi tusiinasibishe kwa Mtume ﷺ kwa uhakika. Lakini tazama tukio lililo sahihi katika Bukhari. Mtume ﷺ alimwahidi Jabir bin Abdillah kwamba mali ya Bahrain ikija, atampa mara tatu. Akafariki kabla haijaja. Ilipofika, Abubakar (r.a.) akatangaza: mwenye ahadi au deni kwa Mtume na aje. Jabir akaja. Abubakar akamchotea kwa mikono, akamwamuru azihesabu, zikawa 500, kisha akampa mara mbili ya hizo. Ahadi na deni vilitangazwa pamoja, na vyote vikalipwa baada ya mwenyewe kufariki!

Na kuhusu mwenye uwezo anayechelewesha kulipa, hadithi ya Bukhari na Muslim imeita jambo hilo dhuluma. Neno lililotumika ni "matl". Watu wa lugha wanasema asili yake ni kugonga chuma ili kirefuke. Mhunzi anakigonga, chuma kinavutika. Ndivyo tajiri anavyoivuta siku ya maskini. Ama aliyekwama kweli, Qur'an imeagiza apewe muda (Al-Baqara: 280). Lakini aliyekwama aseme amekwama, asikate tende usiku.

TUJITAZAME

Fundi amemaliza kazi, unamwambia "njoo Jumamosi". Mahari ya mkeo uliyoahidi mbele ya mashahidi, mwaka wa ngapi huu? Mtoto unamwita "njoo nikupe", kumbe huna kitu. Abu Dawud amepokea kwamba mama mmoja alimwita mwanawe hivyo, Mtume ﷺ akamuuliza alitaka kumpa nini. Akasema tende. Akaambiwa kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Tende ya mtoto, ndugu yangu!

Na kubwa zaidi: "inshallah". Allah ametufundisha katika Surat al-Kahf tusiseme tutafanya kesho bila kuitaja. Ni neno la mtu aliyekusudia kweli na anajua hamiliki kesho. Leo katika midomo yetu limekuwa njia ya kusema "hapana" kwa adabu, hata mdai akilisikia anakata tamaa. Tumelichukua jina la Allah tukalifanya danadana.

Leo kabla ya kulala, mkumbuke mtu mmoja uliyempa tarehe. Mlipe. Kama huna, mpigie simu umwambie ukweli.

Ewe Mola, tujaalie wakweli wa ahadi, na utulipie madeni yetu kabla ya siku ambayo hulipwa kwa mema. Aamin.

Wallahu a'lam.