Technics SL-1200: Kabla Hujalaumu Mashine, Uliza Imefungwa Katriji Gani

Ukitaja Technics SL-1200, akili za watu zinakimbilia klabu moja kwa moja. DJ kavaa hedifoni sikio moja, mashine mbili, mikisa katikati. Kumbe mashine hii ilizaliwa kwa ajili ya sebuleni! Matsushita wa Japani (ndio hawa leo wanaitwa Panasonic) waliitoa mwaka 1972 kwa mtu wa heshima zake, anayekaa kwenye kochi, anapunguza taa na kusikiliza santuri upande wa kwanza mpaka wa pili. Kuirudisha santuri nyuma kwa vidole haikuwa kwenye mpango.

Sifa zote amepewa mota. Mashine nyingi nzuri za wakati ule zilizungusha sahani kwa mkanda wa raba, Technics wao wakaweka mota chini ya sahani moja kwa moja, kazi waliyoianza na SP-10 mwaka 1970. Sawa, mota ni kali. Ila aliyekaa na mashine hii miaka mingi atakwambia utamu na uchungu wake uko pale mbele, kwenye mkono na katriji.

Kwa wale wa kizazi cha kusikilizia kwenye simu: katriji ni kile kidude kidogo chenye sindano. Sindano inapita kwenye mfereji wa santuri, inatikisika, katriji inageuza huo mtikisiko kuwa umeme. Mkono kazi yake ni kuibeba tu. Inaonekana kazi ya punda, lakini hapo ndipo hela za watu zimepotelea kwa zaidi ya miaka 50.

Iko hivi. Kijiti cha sindano kinashikwa na kipande cha raba, kwa hiyo kinafanya kazi kama springi. Kuna katriji zenye springi laini, kuna zenye springi ngumu. Mkono nao una uzito wake. Ukifunga uzito kwenye springi lazima upate kitu kinachoyumba, kama gari lililokufa shokapu. Mafundi wanataka kuyumba huko kuwe kati ya mara 8 na 12 kwa sekunde. Kwa nini hapo? Kwa sababu santuri iliyopinda inainua na kushusha sindano polepole, mara chache tu kwa sekunde, na muziki wenyewe unaanza kusikika kwenye mara 20. Katikati ndipo penye usalama.

Mkono mzito ukikutana na katriji laini, mwendo unashuka. Santuri ikiwa imepinda kidogo tu, mkono unayumba kama mlevi, spika za besi zinaingia na kutoka wakati hakuna hata ngoma inayopiga, na mtu akipita sebuleni kwa kishindo sindano inaruka. Mkono mwepesi ukikutana na katriji ngumu, mwendo unapanda kuelekea kwenye besi yenyewe na sauti inaharibika kuanzia chini.

Sasa miaka ya 1960 ikaingia fasheni ya wepesi. Shure wa Marekani walitoa V15 mwaka 1964, na kufika V15 Type III ya 1973 sindano ilikuwa inakanyaga santuri kwa gramu 1 hivi, springi laini balaa. Uingereza nako SME wakawa wanakondesha mikono yao ya 3009 ili iendane na mambo hayo. Upande wa pili wa dunia kulikuwa na Denon DL-103, katriji ya Kijapani iliyotengenezwa kwa ajili ya shirika la utangazaji la NHK. Hiyo tabia zake ni nyingine kabisa: springi ngumu, inakanyaga kwa gramu 2.5, inataka mkono wenye nyama. Zote mbili ni kali. Ila mtu akisoma sifa za DL-103, akaenda kuifunga kwenye mkono mwembamba alioununulia V15, anasikia uchafu. Analaumu katriji. Au analaumu mashine, anaiuza kwa hasara.

SL-1200 yenyewe ilikaa katikati. Kwenye toleo la MK2 la mwaka 1979, sindano inahisi mkono kama una gramu 12 (siyo uzito wa kwenye mizani, ni ule sindano inaokutana nao ikijaribu kuusogeza). Chukua Ortofon 2M Red ya siku hizi, yenye gramu 7.2 na ulaini wa 20. Jumlisha 12 na 7.2, zidisha kwa 20, tafuta kipeuo cha pili, halafu chukua 159 ugawe kwa jibu ulilopata. Inakuja 8 na kidogo. Imepita!

Jaribu DL-103 yenye gramu 8.5 na ulaini ulioandikwa 5. Inakuja karibu 16. Imefeli, si ndiyo? Hapana, subiri kwanza. Wajapani wamezoea kupima ulaini kwenye mtikisiko wa mara 100 kwa sekunde, Wazungu kwenye mara 10. Namba ya Kijapani lazima uikuze, wengi wanazidisha kwa 1.5 mpaka 2. Weka 10 badala ya 5, inarudi kwenye 11. Yaani kuna watu wameikataa katriji nzuri kwa sababu ya karatasi iliyosomwa vibaya.

Wakati wa sebuleni wanapiga hesabu zao, New York kulikuwa na mambo mengine. Tarehe 11 Agosti 1973 Kool Herc alipiga ile pati ya Bronx inayohesabiwa kuwa chanzo cha hip hop. Yeye alijulikana kwa SL-1100, kaka mkubwa wa SL-1200. Ma-DJ walipenda Technics kwa sababu ukiachia santuri inashika mwendo hapo hapo, wakati mashine za mkanda zinajivuta. MK2 ilipokuja na kile kitelezi cha kuongeza na kupunguza mwendo kwa asilimia 8, mjadala ukaisha.

Mkono wengi hawakuugusa. Walichobadilisha ni katriji. Stanton 500, baadaye Shure M44-7, sindano zenye ncha ya duara zinazovumilia kukanyaga kwa gramu 3 na zaidi bila kuruka. Wengine waligeuza ule uzito wa nyuma ya mkono uangalie mbele, wengine wakabandika sarafu juu ya kichwa. Aliyelipa gharama ni santuri. Ukiishika ya DJ wa zamani utasikia mchakacho mwanzoni mwa wimbo, pale sindano ilipokuwa inarudishwa nyuma na mbele kila usiku.

Wa sebuleni nao wakaanza kuidharau, eti mashine ya disko. Baadhi yao wakang'oa mkono na kuweka wa SME, au Rega RB300 iliyotoka mwaka 1983. RB300 ni mkono mzuri, bomba moja gumu lisilo na kiungo. Lakini haina kichwa cha kuchomoa, wala ile pete ya Technics ya kuinua mkono mpaka milimita 6. Kwa mtu anayependa kubadili katriji, huko ni kulipa hela ili upunguziwe. Kichwa cha Technics kina gramu 7.5. Ukiwa na katriji ngumu, weka kichwa cha gramu 12 na tatizo linaweza kuishia hapo, kwa sababu gramu iliyo mwisho wa mkono sindano inaihisi karibu yote.

Mwaka 2010 Panasonic waliacha kuitengeneza. Mwaka 2016 wakairudisha, bei dola 4,000, na ma-DJ wakachukia kweli kweli. Halafu mwaka 2018 Shure wakatangaza kuacha kabisa biashara ya katriji. Kwa hiyo leo unaweza kukuta MK2 ya mwaka 1985 inazunguka kama mpya, mkono wake haujalegea, na mwenyewe anahangaika mtandaoni kutafuta sindano halisi ya M44-7.