Kanuni ya Soundex na Majina ya Nakivale

Mwaka 1918, Robert Russell wa Pittsburgh, Marekani, alipewa hataza ya mbinu ya kupanga majina kwa sauti badala ya tahajia. Katika miaka ya 1930, mbinu iliyotokana nayo, Soundex, ilitumika kutengeneza faharasa za sensa za Marekani. Leo Soundex ni fanksheni ndani ya kanzidata za SQL. Kwa kawaida hubakiza herufi ya kwanza, huacha irabu, na huzipa konsonanti tarakimu tatu tu. Smith na Smyth hupata msimbo mmoja: S530.

Kanuni hiyo ilipofika Mbarara ilikuta historia nyingine ya majina. Ufalme wa Nkore uliitwa Ankole na utawala wa Waingereza. Nkore hupata N260, Ankole A524. Irabu ya mwanzo imebadilisha herufi tangulizi. Tena Soundex hutenga r na l, sauti ambazo katika Kiganda ni alofoni.

Katika makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, suala hili linamgusa mtu mwenyewe. Makazi hayo yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda. Baadaye yakapokea Wakongo, Warundi na Wasomali. Xasan, kwa othografia ya Kisomali ya 1972, hupata X250. Karani akiandika Hassan, hupata H250. Mtu mmoja huonekana wawili.

Kinyume chake pia hutokea. Niyonzima na Niyonsenga, majina yanayoanza kwa kumtaja Mungu, hupata N525 katika Oracle, kwani z na s hupata tarakimu ileile, m na n vilevile, na nafasi huisha kabla ya kufikia g. MySQL hufuta irabu kwanza, kisha herufi zinazojirudia, wala haikomei tarakimu tatu: hutoa N250 na N252. Hivyo taasisi mbili zikibadilishana misimbo, jina lilelile halitalingana.

Uhakiki wa wakimbizi wa 2018 nchini Uganda ulitumia alama za vidole na mboni za macho. Hata hivyo, cheti cha shule na kadi ya hospitali hubeba jina, si kidole. Kwa hiyo sera ya usajili inapaswa kuhifadhi tahajia zote za jina pamoja na lugha yake, kutunga kanuni za ulinganishi kutokana na fonolojia ya lugha za eneo hili, na kutochukulia msimbo peke yake kuwa ushahidi wa utambulisho. Mkimbizi aliyekwisha kupoteza nyumba hapaswi kupoteza jina kwa sababu ya kanuni iliyotungwa kwa majina ya wengine.