Lugha Isiyoandikwa Jaladani

Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuitafuta historia ya lugha yetu katika tenzi, hadithi na kamusi. Karatasi za serikali twawaachia wenzetu wa somo la historia. Kwa hiyo, tulipopelekwa Mbarara kufanya mazoezi ya kazi katika chumba cha nyaraka za zamani za utawala, hatukwenda kwa furaha. Tulitaka mashairi; tukapewa majalada ya kodi, barabara, visima na ng'ombe. Katika makala haya tutaeleza tulichojifunza huko, kwani twaamini kina faida kwa kila afundishaye lugha hii.

Kazi yenyewe ilikuwa kupangusa vumbi, kung'oa pini zilizoshika kutu, kupanga barua kwa tarehe zake na kuandika orodha. Jambo la kwanza tulilofahamu ni kwamba nyaraka hazipangwi kwa kufuata mambo ayatakayo msomaji, bali kwa kufuata ofisi iliyoziandika. Atafutaye habari za watu huenda akazikuta ndani ya habari za mifugo.

Mfano mzuri ni Nakivale, kusini-mashariki ya Mbarara, katika nchi iliyokuwa ya ufalme wa Ankole na ambayo tangu 2006 imo katika Wilaya ya Isingiro. Makazi hayo ya wakimbizi yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na machafuko yaliyozuka Rwanda mwezi wa Novemba 1959 yakawaleta humo Watutsi wengi, baadhi yao pamoja na ng'ombe wao. Sehemu hiyo ilikuwa na mbung'o, na mifugo ikafa. Ndiyo maana habari za wageni hao tulizikuta zaidi katika barua za malisho, maji na maradhi ya wanyama.

Majalada hayo tuliyadharau mpaka tulipokumbuka mambo ya 1982. Mwaka huo Wanyarwanda wengi walifukuzwa mashambani mwao katika Ankole. Miongoni mwao walikuwamo raia wa Uganda na watu waliokwisha kuishi nchini miaka mingi. Wote wakahesabiwa wageni. Wengine walikimbilia Nakivale, wengine mpakani mwa Rwanda. Hapo tuliona kwamba karatasi ionyeshayo mtu aliingia lini, na alipewa shamba wapi, si takataka. Yaweza kuwa ngao yake.

Lakini katika majalada tuliyoyapanga palikuwa na pengo. Watu waliandikwa kwa idadi, kwa nchi watokazo na kwa jamaa zao. Lugha wasemazo hazikuandikwa. Wala Kiswahili hakikuwa na ofisi ya kukisemea. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Gavana Gowers alitaka kitumike katika elimu na utawala wa Uganda, na Kabaka Daudi Chwa akampinga kwa maandishi. Kiswahili kikabaki zaidi kambini mwa askari na polisi. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, lakini hofu ya wananchi kwa askari iliwafanya wengi wakichukie. Ni marekebisho ya katiba ya 2005 yaliyokipa nafasi ya lugha rasmi ya pili.

Wakati huohuo lugha yenyewe ilikuwa ikifika Nakivale kwa miguu. Vita vya Kongo vilivyoanza 1996 viliwaleta watu wa Kivu, ambao Kiswahili ni lugha yao ya kila siku. Walikuwako pia Warundi waliowahi kuishi Tanzania na Wasomali waliopitia Kenya. Leo makazi hayo yana watu zaidi ya 100,000, na Kiswahili husikika sokoni, makanisani na misikitini. Hata hivyo, mtoto aliyesoma Kongo huweza kurudishwa darasa la chini kwa sababu hajui Kiingereza, na Kiswahili chake kisihesabiwe kuwa elimu.

Hatuna budi kujiuliza: baada ya miaka hamsini, atakayefungua majalada ya siku zetu ataonaje kwamba lugha hii ilizungumzwa hapo? Wazee waliofika 1959 wamebaki wachache. Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi kazi ya kuwasikiliza wazee wao na kuyaandika maneno yao kama walivyoyasema, kwa idhini yao, pamoja na tarehe na mahali. Daftari moja libaki shuleni, nakala ihifadhiwe penginepo. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Yahitaji subira, na subira hiyo sisi tulifundishwa na pini zenye kutu.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Lugha nayo ni mali.