Uvimbe wa Tezi kwa Mbuzi: Jinsi Majipu na Saratani Vinavyotofautishwa

Katika miteremko ya Mlima Meru wafugaji hutunza mbuzi wa maziwa katika mabanda yaliyo kati ya migomba na kahawa. Katika tambarare kavu za Kisongo na Oldonyosambu mbuzi wa nyama huchungwa kwa makundi. Kote huko mfugaji huweza kukuta uvimbe chini ya taya, mbele ya bega au juu ya kiwele. Jina sahihi la uvimbe huo ndilo linaloamua kama mnyama atengwe, atibiwe au aondolewe kundini.

Mara nyingi uvimbe wa tezi za limfu ni jipu linalosababishwa na bakteria Corynebacterium pseudotuberculosis. Ndani yake huwa na usaha mzito wenye rangi ya maziwa au ya kijani hafifu. Ugonjwa huu huambukiza: usaha ukimwagika bandani, bakteria huweza kukaa katika udongo kwa miezi kadhaa na kuingia kwa mbuzi wengine kupitia michubuko ya ngozi. Kwa hiyo mfugaji hapaswi kupasua uvimbe kwa kisu ili kuona kilichomo.

Limfoma ni saratani ya limfositi, yaani chembe nyeupe za damu zinazolinda mwili. Hutokea kwa nadra kuliko majipu, na kwa kawaida haihami kutoka mbuzi mmoja hadi mwingine. Tezi huwa ngumu, hazina usaha, na mnyama hukonda ingawa analishwa vizuri.

Wataalamu huainisha limfoma kwa misingi miwili. Msingi wa kwanza ni mahali ilipo. Ipo inayoenea katika tezi nyingi na viungo kama ini, wengu na figo. Ipo ya kifuani, inayoweza kuleta shida ya kupumua. Ipo ya tumbo na utumbo. Na ipo ya ngozi.

Msingi wa pili ni aina ya chembe. Limfositi ni za aina mbili kuu, B na T, na kwa hadubini pekee huwa vigumu kuzitenganisha. Maabara hutumia kingamwili zinazoshika protini maalumu: CD3 hutambulisha chembe T, na CD20 au CD79a hutambulisha chembe B. Kwa mbuzi, limfoma za chembe T ndizo zinazoripotiwa zaidi.

Upo pia uvimbe unaofanana na limfoma. Thaimoma huanzia katika tezi ya thaimasi, kifuani au shingoni. Chembe zake za saratani si limfositi, bali limfositi za kawaida huchanganyika nazo, na hivyo sampuli ndogo huweza kumpotosha mchunguzi. Baadhi ya thaimoma hugunduliwa tu baada ya mbuzi kuchinjwa. Saratani ya damu, kwa upande wake, hutambuliwa kwa wingi wa chembe za saratani ndani ya damu na uboho.

Mfugaji anayeona uvimbe amtenge mbuzi huyo na kumwita mtaalamu wa mifugo wa kata. Huduma hizo hutolewa na wataalamu wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003. Mtaalamu huchukua majimaji kwa sindano au kipande cha tezi. Kipande kisizidi unene wa sentimita 1, na kihifadhiwe katika fomalini ya asilimia 10 yenye ujazo mara kumi ya kipande chenyewe. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) una kituo jijini Arusha.

Mbuzi mwenye uvimbe asiuzwe mnadani wala kuchinjwa nyumbani. Akichinjwa, nyama yake lazima ipitiwe na mkaguzi. Limfoma iliyoenea mwilini husababisha nyama yote kukataliwa. Iwapo majibu yataonyesha jipu, kundi zima lichunguzwe. Iwapo yataonyesha limfoma, mfugaji hana sababu ya kuhofia maambukizi kwa mbuzi waliobaki.