Chandarua na Mtu Asiye na Kitanda

Msafiri wa Kiingereza Richard Burton alipoeleza safari yake ya Zeila na Harar, katika kitabu kilichotoka mwaka 1856, aliweka chini ya ukurasa mmoja jambo dogo ambalo sichoki kulirudia. Wenyeji walimwambia kwamba kuumwa na mbu huleta homa inayoua. Bwana huyo, aliyejua lugha nyingi na kujiamini kuliko lugha zake zote, akaliandika kama ushirikina. Mbu na homa huzidi msimu mmoja, akafikiri, ndiyo maana watu hawa wamevichanganya. Mwaka uliofuata yeye na mwenzake Speke waliondoka pwani kwenda maziwa makuu, na homa ikawapiga wote wawili njiani hadi ikabidi wabebwe.

Miaka arobaini baadaye daktari Robert Koch alikuwa Dar es Salaam, serikali ya Kijerumani ikitaka kujua kwa nini watu wake wanaanguka. Alipanda Usambara, akakuta watu wa mlimani wakisema kwamba anayeteremka bondeni hurudi na ugonjwa, na ugonjwa wenyewe wakiuita mbu, kwa kuwa huko chini ndiko wanakoumwa. Koch hakuwapuuza. Wakati huohuo, tarehe 20 Agosti 1897, Ronald Ross huko Secunderabad, India, alikuwa amekiona kijidudu cha malaria ndani ya tumbo la mbu. Ross alipata Tuzo ya Nobel. Wasambaa walibaki na desturi yao ya kutolala bondeni kama wanaweza kurudi juu kabla ya giza.

Naitaja desturi hiyo kwa sababu ndiyo kinga kongwe ya msafiri katika nchi zetu: kupanga saa na mahali. Misafara ya bara ilitafuta kiangazi. Burton mwenyewe aliondoka mwishoni mwa Juni, masika yamekwisha. Wapagazi wa Kinyamwezi walipenda kuwa kwao mvua zikianza, jembe liwe mkononi. Pwani, mvua kubwa zikija na pepo za kusi, nahodha mwenye akili alipandisha chombo chake ufukweni akangoja. Sisemi kwamba wote hao walikuwa wanamkwepa mbu. Walikwepa tope, mafuriko na bahari chafu. Lakini mtu asiyesafiri masika hatalala kwenye majani mabichi ya kingo za mto, na mbu hakujali nia yake ni ipi.

Chandarua ni habari nyingine. Katika nyumba za wenye nazo za Unguja, Lamu na Mombasa kilining'inia juu ya kitanda cha samadari, nguzo nne zikikibeba, kitambaa chepesi kimekuja na majahazi kutoka India. Kilikuwa pambo na heshima, na bibi arusi aliwekwa ndani yake. Ukitazama vizuri utaona kwamba historia ya chandarua ni historia ya kitanda. Kinahitaji nguzo, dari, msumari, godoro la kuchomekea pindo. Na msafiri ndiye mtu asiye na kitanda. Mzungu wa misafara alisafiri na kitanda chake cha kukunja na chandarua juu yake, vyote vichwani mwa mpagazi, na jioni mpagazi huyo akajifunika shuka ya merikani karibu na moto. Mzigo uliomkinga bwana ulilala pembeni ya mtu aliyeubeba.

Mimi nimekulia katika biashara ya nguo kati ya Dar es Salaam na Lindi, na nilijifunza jambo hili Rufiji kabla sijasoma chochote. Mpaka daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, mto ule ulivukwa kwa pantoni pale Ndundu. Masika maji yakipanda, basi lilisimama foleni nyuma ya malori, na kutoka huko mpaka Lindi barabara ilikuwa tope la kumeza magurudumu. Watu walilala njiani. Giza lilipoingia, wanawake tuliokuwa na marobota tulitandika mikeka juu yake, maana juu kuna upepo kidogo na mbu hapendi upepo. Mama yangu alikuwa na kanga tatu za kazi hiyo: moja ya miguu, moja ya kiwiliwili, moja ya uso, pembe zikisokotwa chini ya kichwa. Mamantilie wa pale walichoma makumbi ya nazi yaliyolowana kidogo ili yafuke badala ya kuwaka, na walitupia kivumbasi juu yake. Moshi ulitutoa machozi. Vijana wa malori walijipaka mafuta ya taa miguuni, jambo ambalo mama alilikemea kila mara kwa sababu ya viberiti vyao.

Kivumbasi si upuuzi. Majani yake yana mafuta ambayo mbu huyakimbia, ila harufu ikiisha naye anarudi, na usiku ni mrefu.

Kitu cha kwanza cha dukani kilichomfaa mtu asiye na kitanda kilitoka Japani. Eiichiro Ueyama alitengeneza vijiti vya maua ya pareto vya kuchoma, mwaka 1890, lakini viliwaka kama dakika arobaini tu vikaisha. Mke wake, Yuki, ndiye aliyetoa wazo la kukizungusha kijiti kama nyoka aliyejikunja, mwaka 1895, ili kiwe kirefu bila kuvunjika; vikaanza kuuzwa mwaka 1902. Hiyo ndiyo dawa ya mbu ya kuchoma tunayoijua, inayosimama kwenye kipande cha bati na kuwaka usiku mzima. Maua yake nayo yalihamia kwetu. Vita Kuu ya Pili ilipoitenga dunia na pareto ya Japani, mashamba ya nyanda za juu za Kenya yalishika nafasi hiyo, na kwetu pareto ikalimwa nyanda za juu kusini. Huwa nafurahi kufikiri kwamba mkulima wa Molo, huko Kenya, kwenye baridi isiyo na mbu wa kusumbua, alikuwa akimlinda abiria wa Ndundu. Wengi leo hununua dawa za kuchoma zilizotiwa kemikali za kiwandani zilizoiga pareto, na moshi wake katika chumba kilichofungwa si wa kuchezea.

Dawa ya kujipaka ilikuja kwa mkondo wa kijeshi: jeshi la Marekani liliichukua ile inayoitwa diiti mwaka 1946, na raia wakaanza kuinunua mwaka 1957. Kwetu ilichelewa sana, na bado chupa yake ndogo ni bei ya mlo wa familia.

Chandarua kilirudi kwa nguvu kilipotiwa dawa. Kilifi, Kenya, majaribio ya miaka ya tisini yalionyesha vifo vya watoto wadogo vikipungua kwa theluthi moja. Huku Tanzania, Kilombero na Ulanga, watu walianza kuuziwa vyandarua vya Zuia Mbu, mwaka 2004 wajawazito wakaanza kupewa hati punguzo, na Arusha kiwanda cha A to Z kikawa kinafuma vyandarua ambavyo dawa imo ndani ya uzi wenyewe. Ni kazi kubwa, sina neno. Lakini tazama walengwa: mama, mtoto, kaya. Yote ni hesabu ya watu waliolala nyumbani. Kondakta, mvuvi wa dago, mchunga ng'ombe anayehama, mfanyabiashara aliyelala stendi, hao hawakuwa na mahali pa kupigilia msumari.

Gesti zilijaribu kuziba pengo hilo, na hapa mimi ni mteja mkali. Chandarua cha pembe nne ni kizuri ila kinataka sehemu nne za kufunga. Gesti nyingi huweka cha duara, chenye pete juu na kamba moja, kwa sababu kinatundikwa haraka. Kikiwa chembamba kinagusa mguu, na mbu atakuuma kwa nje kana kwamba hakipo. Kabla sijalipa, nakishusha, nakiinua kuelekea kwenye taa, natafuta matundu, napima kama pindo linafika chini ya godoro. Natembea na sindano, uzi na kamba ndefu ya katani.

Hata hivyo chandarua hakimshughulishi mbu wa mchana. Homa ya chikungunya ilitambuliwa kwanza kwenye uwanda wa Makonde, mlipuko wa 1952, mahali pakavu ambapo watu walihifadhi maji nyumbani kwa kuwa chemchemi ziko mbali. Mbu wake huzaliana kwenye mtungi, ndoo, tairi, na huuma jua likiwaka. Mbu huyohuyo, safari hii akileta dengi, aliisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, mvua zikiwa zimejaza kila kopo. Abiria anayengoja basi stendi saa nne asubuhi, miguu wazi, karibu na matairi mabovu, anahitaji dawa ya kujipaka kama anaimudu. Kama haimudu, ni soksi, mikono mirefu na kanga ya mama yangu.